Tope Kwanza, Maneno Baadaye

Balozi wetu aliwahi kuendesha mkutano mzima ambao hakuja mtu. Aliufungua kwa sala, akasoma ajenda, akauliza kama kuna maoni, akasubiri kwa muda ambao watu wangeweza kuyatoa, akapitisha azimio, akashukuru, akafunga. Tulikuwa wawili tu kwenye ukingo wa ndiva, yeye na mimi, na mimi kwa utaratibu wake sikuhesabika, kwa kuwa nilikuwa katibu na kazi ya katibu ni kuandika. Tulipomaliza nikamuuliza kama niandike kwamba mkutano haukufanyika. Akasema hapana. Mkutano umefanyika, waliokosekana ni watu.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: maduka, biashara ya kahawa, vyama, na midomo. Nitaeleza ilikuwaje, lakini kwanza nimweleze mwenyewe.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nyumba zetu ziko juu ya Same, upande wa mlima unaotazama tambarare, mahali ambapo asubuhi unaona malori kwenye barabara kuu lakini husikii mlio wake. Chini kidogo ya nyumba kuna ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe ambalo hukusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani kwa zamu. Ndiva ile ilihudumia nyumba za balozi wetu na chache za ng'ambo ya korongo, kwa hiyo mkutano wa maji na mkutano wa nyumba kumi ulikuwa mkutano mmoja, na mwenye kuuendesha alikuwa yeye.

Alikuwa mfupi. Alivaa sweta la kijivu, kanga juu yake, na viatu vya mvua vya marehemu mumewe vilivyomzidi kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Katika mikutano hakukaa mbele wala juu. Watu walikaa kwenye mteremko, yeye akasimama chini yao karibu na maji, akawa anawatazama kwa kuinua shingo. Afisa mmoja aliyepanda kutoka wilayani alimwomba waende ukumbi wa shule, penye jukwaa. Balozi alimjibu kwa adabu kwamba ukisimama juu ya watu maneno yako yanawamwagikia, na mtu akimwagikiwa anafunga macho. Afisa alicheka, lakini aliposimama kuhutubia alisimama chini kama yeye, na nadhani ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote, maana shingo ilimuuma.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya tope. Kwetu kazi ya pamoja inaitwa msaragambo. Baragumu likipigwa, kila nyumba inatoa mtu, mnazoa tope la ndiva, mnasafisha mfereji, mnarudisha mawe yaliyoporomoka. Balozi aliweka mkutano baada ya kazi, kamwe si kabla, na akaweka kwamba asiye na tope miguuni hana nafasi ya kusema. Atasikiliza, atapiga kura, lakini hatasema. Watu wa mjini niliowasimulia hudhani hiyo ni mila ya kale ya Wapare. Si mila. Aliibuni yeye, baada ya siku moja ambapo mgeni wa chama alihutubia asubuhi nzima juu ya umuhimu wa kazi huku wanaume wamesimama na majembe, na jua likawakuta hawajainua hata beleshi moja.

Tope, alisema, linapunguza maneno. Mtu aliyechoka hasemi jambo mara tatu. Na mtu ambaye amezoa tope ubavuni mwa jirani yake tangu alfajiri hawezi kumwita mwizi kwa urahisi, hata kama ni mwizi.

Katika miaka ya themanini, sukari ilipokuwa ikija kijijini kama mgeni asiyetaka kulala, yeye ndiye aliyeigawa kwa nyumba zake. Ilikuwa kidogo kiasi cha kuaibisha. Mabalozi wengine waligawa kimyakimya, wakachukiwa kimyakimya. Yeye aliitisha mkutano. Nakumbuka mkutano mmoja ambao wanaume walikuwa wamekwisha kupandisha sauti, na Balozi akawaacha, akamgeukia mjane aliyekaa pembeni kabisa akitazama vidole vyake vya miguu. Mama huyo hakuwahi kusema mkutanini tangu nimjue. Balozi hakumuuliza maoni yake. Alimuuliza, sukari ikifika kwako utaiweka wapi.

Mjane akafikiri. Akasema ataiweka kwenye kopo la maziwa, juu ya dari ya jikoni, kwa ajili ya sisimizi. Watu wakacheka, naye akacheka, na kwa kuwa alikwisha kufungua mdomo akaendelea: lakini kwa kweli mimi sukari siitaki sana, nina wajukuu wana upele, ningepata sabuni ningefurahi zaidi. Nyumba ya pili kutoka kwake ilikuwa na kipande cha sabuni ya magadi na haikuwa na sukari. Mkutano ukageuka gulio. Kila mtu alisema alicho nacho na anachokosa, na kelele za wanaume zikapotea humo.

Baadaye nilimuuliza kwa nini aliuliza swali la kitoto kama lile. "Katibu," aliniambia, "mtu ukimuuliza maoni, anaanza kutafuta maoni ya mwenzake. Muulize kitu chake." Hilo nimelitumia maishani kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani. Mwenyewe hakuwahi kulirudia. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja na kuondoka.

Alikuwa na kasoro zake. Kwenye misiba alidanganya. Aliombwa kusema katika kila msiba wa upande wetu, na kila marehemu alikuwa mwema. Tulipomzika mzee aliyewahi kuwashtaki majirani zake watatu mahakama ya mwanzo, mmoja kwa ajili ya mgomba, Balozi alisimama akasema kwa sauti tulivu kwamba marehemu alikuwa mtu wa kufuatilia jambo lake mpaka mwisho. Waombolezaji wakapatwa na kikohozi. Watu wa Same mjini hututania kwamba sisi tunapenda kesi kuliko ubwabwa, na siku ile nilishindwa kuwatetea.

Alichukia vipaza sauti. Kwenye harusi moja mjini alipewa kimoja, akakishika mbali na mwili wake kama mtu aliyepewa panya aliyekufa, akasema aliyotaka kusema kwa kukipita. Ukumbi wote ulisikia. Kijana mwenye mitambo alikuja kumwelekeza akisogeze mdomoni, naye akamwambia, "Mwanangu, hiki kinanifanya nisijue kama wananisikia au wanakisikia chenyewe."

Na nyumbani alikuwa bubu. Nilikaa nyumba mbili kutoka kwake, niliingia na kutoka kwake kama kwetu, na nilizoea kumkuta na kitinda mimba wake, Eliamani, wakila makande wamekaa kigoda kwa kigoda bila neno. Si kwamba walikuwa wamegombana. Hakujua kuzungumza na mtu mmoja. Akihitaji kumwambia Eliamani kwamba paa linavuja, alilisema mkutanini: kuna nyumba hapa paa zinavuja, vijana waliomo wazitazame. Watu walitabasamu, Eliamani akapanda paani kesho yake. Nilipomtania juu ya hilo alinijibu bila kucheka. "Mtu mmoja ni mgumu. Watu wengi wanasaidiana kunielewa."

Huyo Eliamani ndiye aliyerithi ulimi wake. Tangu kijana, alipopewa nafasi, watu waliacha kung'oa majani na kusikiliza. Kahawa ilipoanguka bei aling'oa sehemu ya mibuni ya baba yake akapanda tangawizi, wakati sisi wengine tunabishana kama inaruhusiwa. Soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi walipanda wenyewe na malori, wakanunua shambani. Miaka mitatu baadaye alikuwa na nyumba ya bati jipya na kibarua wa kudumu. Kisha akaleta kutoka Same bomba jeusi la plastiki, akalichomeka kwenye mfereji juu ya ndiva, na maji yakawa yanashuka kwenye tangawizi yake usiku na mchana bila zamu.

Walio chini waliona mapema. Asubuhi ndiva ilikuwa nusu. Mahindi ya watu wa mwisho wa mfereji yalianza kujikunja, na wenyewe wakaanza kusema maneno ya wakili na mahakama ya wilaya. Kila mtu alijua kwamba shauri la ndiva likishuka Same halitarudi: kila upande utachimba mfereji wake, na kijito kile hakitoshi kugawanywa. Na kila mtu alijua bomba ni la mtoto wa Balozi. Kwake yeye lilikuwa jambo moja lenye ncha mbili. Akinyamaza ndiva itavunjika. Akisema, atasema dhidi ya kitinda mimba wake, na njia pekee aliyoijua ya kusema naye ilikuwa mkutano.

Msaragambo uliofuata Eliamani hakuja kuchimba. Alimtuma kibarua wake, mtu mzima kutoka Kigoma aliyekuwa akikata mkonge kwenye shamba la tambarare mpaka shamba liliposimama. Tulimwita Mha, kwa kabila lake, naye alituita Wapare wote Mpare. Mha alichimba kwa bidii. Kazi ilipokwisha Eliamani alitokea na viatu vya ngozi, akasimama ili aseme. Alikuwa na hoja, nadhani, na pengine nzuri. Hatukuisikia.

Balozi alimtazama miguu. Eliamani akasema ametoa mtu, na siku hizi mtu anaweza kulipa nguvu kazi, huo ndio wakati tulio nao.

"Huyo mtu wako ana tope?"

"Analo, mama."

"Basi atasema yeye."

Eliamani akasema sawa, Mha atasema kwa niaba yake, na akainama kumnong'oneza. Balozi akamzuia. Tope la mtu ni la kwake, alisema. Hawezi kulitumia kumsemea mwingine. Kama Mha ana lake, aseme lake.

Mha akatutazama kama mtu aliyeitwa jina shuleni. Akavua kofia. Akasema ana matuta mawili ya mchicha nyuma ya banda analolala, yanakauka, na kama haiwaudhi wenyeji angeomba maji kidogo jioni, madebe tu. Kicheko kilianzia kwa Baba Naomi, jirani yetu ambaye hakuna jambo lililompita bila utani. "Mpeni," alisema, "asije akatukimbia kwa majirani zetu wa Ugweno na mchicha wake." Mikono ikanyooka. Mha akapata jioni mbili kwa juma.

Sasa ndipo sote tulipoona tulichokuwa tumefanya. Kibarua alikuwa ameondoka na zamu ya maji, na bosi wake alikuwa amesimama pale na viatu vinavyong'aa, hajaruhusiwa kutamka neno, mbele ya mama yake. Hakuna aliyekusudia. Tulikuwa tumefuata utaratibu hatua kwa hatua mpaka tukafika hapo. Balozi naye aliona. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Kama wangekuwa watu wote wale ndio aliotaka kuwaambia samahani, angejua namna. Lakini alikuwa mmoja, mwanawe.

Nilikutana na Eliamani njiani jioni ile. "Amenifanya mtoto mbele ya mfanyakazi wangu," aliniambia, akapita.

Baada ya hapo hakuja tena, na ndugu wa upande wa baba yake wakamfuata. Wengine walipata sababu zao. Vyama vingi vilikuwa vimeingia, na maneno yakaenea kwamba balozi ni wa chama tu, hana mamlaka ya kumwita mtu asiye na kadi. Baba Naomi alisema biashara imekuwa huria, basi na mikutano iwe huria. Ndivyo tulivyofika kwenye mkutano ule wa watu wawili.

Azimio alilolipitisha siku ile lilikuwa kwamba, kuanzia Jumatatu, zamu za maji zianzie mwisho wa mfereji na kupanda juu, badala ya kuanzia juu na kushuka. Akaniagiza nilibandike dukani. Sikulala vizuri, nikijua litakavyopokelewa. Jumamosi iliyofuata, baragumu halijapigwa, nilisikia majembe. Karibu nyumba zote zilikuwa kwenye ndiva, wanazoa tope kwa hasira, haraka, bila nyimbo, kila mmoja akijipaka mpaka magotini. Walikuwa wamekuja kumgombeza Balozi na walitaka wawe na haki ya kufanya hivyo. Hakuna kati yao aliyefikiri kwamba angeweza kusimama tu na miguu misafi na kumgombeza. Waligomba mpaka adhuhuri. Balozi alisimama chini yao, ameinua shingo, akamsikiliza kila mmoja, na mwishowe akafuta azimio lake kwa furaha ambayo hakuificha vizuri.

Ndiva ilipata mkutano wake tena. Eliamani hakuwepo.

Mimi nilishuka kufanya kazi Same, na kwa miaka kadhaa nilimwona Balozi wakati wa sikukuu tu. Makande yaliendelea kuliwa, niliambiwa, lakini kila mtu kwake. Bomba liliendelea kuvuta. Walio chini walivumilia kwa ajili ya mama, na walisema wazi kwamba watavumilia mpaka siku atakapozikwa, si zaidi.

Mara ya mwisho nilimkuta amedhoofika. Nilipomsalimu shikamoo, marahaba yake ilitoka kama pumzi, na akaniomba nimshike mkono tushuke ndiva. Mvua za juma lile zilikuwa zimebomoa ukuta wa chini na nyumba zote zilikuwa zimeitwa. Mwenyekiti wa kamati ya ndiva sasa alikuwa Baba Naomi, ameota mvi, amepunguza utani.

Eliamani alikuwepo. Hakumtuma mtu. Ukuta ukienda, mfereji mzima ungeenda, na bomba lake nalo. Huenda ni hilo tu lililomleta. Alibeba mawe tangu asubuhi bila kusema na mtu, na tope lilimfika mapajani. Mama yake alikaa kwenye jiwe akiwa na ndala zake za kanisani, akimtazama.

Kazi ilipokwisha Baba Naomi akafungua mkutano na moja kwa moja akataja bomba. Watu wa chini walisema, bila kelele, kwamba wameshapata wakili. Eliamani alikuwa na haki ya kujibu na kila mtu alimgeukia. Alitazama mawe.

Balozi akanyoosha mkono.

Baba Naomi aliuona. Akashusha macho kwenye zile ndala za kanisani. "Balozi," alisema, "nisamehe. Miguu yako ni misafi."

Hakuna aliyecheka. Balozi akaitazama miguu yake, akasema ni kweli, na mkono ukashuka. Hapo Eliamani akasimama. Alisema nafasi yake anampa mama. Baba Naomi akaanza kusema kwamba inawezekana, kwa heshima, lakini Balozi mwenyewe akatikisa kichwa. Tope la mtu ni la kwake.

Akavua ndala, moja baada ya nyingine. Aliponiegemea ili asimame, Eliamani alikuwa amekwisha kufika upande wa pili. Akamshika kiwiko, wakashuka pamoja pale ukuta ulipobomoka, na mama akaingia kwenye tope mpaka juu ya vifundo vya miguu. Akaomba jembe. Akalinyanyua kwa shida, akalipiga mara moja, likazama kidogo tu.

"Mwenyekiti, hili linatosha?"

"Linatosha, Balozi."

Sote tulikaa vizuri. Tulikuwa hatujamsikia mkutanini kwa miaka, na wengine, wazaliwa wa juzi, hawakuwahi kumsikia. Alikuwa chini yetu, mahali pake, ila safari hii hakuinua shingo. Alimgeukia mwanawe aliyemshika, akasema naye. Hayakuwa maneno mengi. Midomo yake tuliiona ikienda, na Eliamani akainamisha kichwa kumfikia, akabaki hivyo mpaka alipomaliza.

Baba Naomi akasema, "Balozi, hatukusikia."

"Sikuwa nasema na ninyi," akasema.

Alifariki kabla ya mavuno. Msibani walisema watu wengi, tope au bila tope, na Eliamani hakusema. Yale aliyoambiwa hajamweleza mtu. Baba Naomi amemuuliza kwa utani, mimi nimemuuliza bila utani, na jibu ni lilelile, kwamba hayakuwa ya mkutano. Wakili wa watu wa chini hajafungua shauri, ingawa hajaambiwa aache. Bomba limefungwa mdomoni kwa kipande cha gunia na waya tangu juma lile. Halijang'olewa.